UZI: Vibua hai wanakufa kwenye tangi la chambo kabla hatujafika kilindini. Pampu ni ndogo au kuna kingine?

Mshipi_Mrefu
Wakuu, salaam. Naomba tulimalize hili kwa vipimo, siyo kwa kubahatisha.

Boti ni la faiba, futi 23, mashine moja ya nje. Tangi la chambo ni pipa la bluu la plastiki lililokatwa juu, maji yake lita 150, limefungwa nyuma upande wa kulia. Maji yanaletwa na pampu ya ngama (ile ya kutoa maji yanayojikusanya tumboni mwa boti) ya volti 12 iliyoandikwa galoni 500 kwa saa, mpira wa robo tatu ya inchi, na yanatokea juu kwenye tundu la inchi moja. Vibua wa sentimita 15 hivi wanavuliwa alfajiri kwa mshipi wenye ndoana ndogo za manyoya, wanaingia 60. Ikifika saa tatu asubuhi nusu wako chali, waliobaki wana pua nyekundu na magamba yanaelea juu ya maji. Dukani wanasema ninunue pampu ya galoni 1,100. Je, ndiyo dawa?

Ngama
Kabla hujatoa hela, piga hesabu hii.

Maji ya bahari ya nyuzi 28 yakishiba hewa yana oksijeni miligramu 6.4 hivi kwa lita. Kibua ni samaki wa mwendo, hana kutulia. Oksijeni ikishuka chini ya 4 ameshaanza kutaabika. Kwa hiyo akiba unayoweza kuitumia ni miligramu 2.4 kwa lita, na kwa tangi lako zima ni 360.

Sasa matumizi. Kibua wa sentimita 15 mchukulie gramu 50. Sitini ni kilo tatu. Kilo moja ya samaki anayeogelea muda wote ikadirie miligramu 500 kwa saa. Hao watakula 1,500 kwa saa, maana yake pampu ikizimika una dakika 14. Na hapo nimewahesabu wakiwa wametulia. Samaki aliyetoka kwenye ndoana sasa hivi, akarushwa ndani ya tangi, anakula mara mbili hadi tatu ya hapo, kwa hiyo dakika 14 zinageuka tano.

Tugeuze swali: ni maji kiasi gani lazima yaingie? Sitini waliotibuka wanakula 4,500 kwa saa. Gawa kwa 2.4, unapata lita 1,875 kwa saa. Thelathini wanahitaji nusu yake, lita 940.

Galoni 500 za kwenye boksi ni lita 1,890, lakini namba hiyo imepimwa bila kupandisha maji popote. Ukipandisha mita moja, ukaweka mpira wa robo tatu na kona mbili tatu, usishangae ukibaki na lita 1,100 au 1,200. Pampu yako inawatosha 30 kwa raha. Kwa 60 haitoshi, na huo ndio ugonjwa wako wa kwanza.

Usiniamini mimi, pima. Chomoa mpira pale unapoingia kwenye tangi, uweke kwenye ndoo ya lita 20 kwa urefu uleule, uhesabu sekunde mpaka ndoo ijae. Chukua 72,000 ugawe kwa sekunde hizo, unapata lita kwa saa. Sekunde 60 ni lita 1,200. Ikichukua sekunde 90, lita 800 tu, basi kuna mpira uliokunjika, uchafu kwenye chujio au umeme haufiki.

Mshipi_Mrefu
Nimekuelewa bwana Ngama. Lakini si ndiyo hoja ya kununua ile ya 1,100? Niendelee na 60 wangu.

Ngama
Lita 4,000 kwa saa kwenye pipa la lita 150 siyo tangi tena, ni mto. Vibua watapambana na mkondo mpaka misuli iishe nguvu, watasukumwa kwenye ukuta, na ile pua nyekundu itakuwa pua iliyochubuka mpaka mfupa. Tangi likibadilisha maji yake mara sita hadi nane kwa saa linatosha. Anayetaka 60 aongeze tangi kwanza, pampu baadaye. Kipimo cha kichwani: kibua mmoja wa sentimita 15 kwa lita nne au tano, na wakifika sentimita 20 mpe kila mmoja lita nane.

FundiFaiba
Niingie kwenye mabomba, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza chambo huku wakilaumu pampu.

Njia ya kuingilia. Maji yasimwagike kutoka juu kama bafu. Shusha bomba mpaka katikati ya kina, pinda mdomo wake uelekee pembeni sambamba na ukuta, ili maji yote yazunguke polepole upande mmoja. Vibua wataelekea mkondo, wataogelea mduara pamoja na hawatagongana. Pipa la mviringo hapo limekusaidia. Tangi lenye kona nne ni shida, kwani samaki hujikusanya konani, wa nyuma wanawabana wa mbele. Mwenye tangi la kona azibe kona kwa vipande vya faiba vilivyopindwa.

Upana wa mdomo nao una kazi. Mwendo ukiwa mkali, usipunguze maji, panua mdomo. Weka kipande cha bomba la inchi moja na nusu chenye matundu ubavuni, maji yaleyale yataingia taratibu.

Njia ya kutokea. Tundu la inchi moja ni dogo. Maji yanaingia kwa kusukumwa lakini yanatoka kwa uzito wake tu, kwa hiyo njia ya kutoka lazima iwe pana zaidi. Simamisha bomba la PVC la inchi moja na nusu, au mbili ukiweza, katikati ya tangi, mdomo wake ukiwa pale unapotaka maji yaishie, na ulitoboe matundu ya milimita 6 kuanzia chini mpaka juu. Eneo la bomba la moja na nusu ni kama matundu 40 ya saizi hiyo. Toboa 120, kwa sababu magamba yataziba theluthi mbili yake bila kukuuliza. Matundu yakiwa machache, kila moja linavuta kwa nguvu na kibua anabandikwa ubavu.

Kiwango cha maji. Tangi liwe limejaa mpaka karibu na kifuniko. Likiwa nusu, boti likiyumba maji yote yanapiga upande mmoja na samaki wanapigwa nayo. Magamba yanayoelea kwako nusu ni ya mkono na nusu ni ya huo msukosuko.

Sasa la usalama, na hili halina mjadala. Lita 150 za maji ya chumvi ni zaidi ya kilo 150. Umeziweka nyuma kulia, kwenye boti la futi 23! Hamisha tangi likae kwenye mstari wa mkuku, ule uti wa chini katikati ya boti, chini kadiri inavyowezekana. Na maji yanayotoka yaende nje ya boti kwa mpira wake, yasimwagike kwenye ngama. Mpira ukichomoka ndani ya ngama, pampu ya chambo inakuwa pampu ya kuzamisha chombo. Kila tundu lililo chini ya maji liwe na boli valvu, kila kiungo kiwe na klipu mbili za chuma kisichoshika kutu.

Kaskazi_Tulivu
Boti likienda kasi maji yanakatika kabisa kwenye tangi, likisimama yanarudi. Ni pampu mbovu?

FundiFaiba
Siyo pampu. Boti likipanda juu ya maji, nyuma kunakuwa na povu, na pampu inanyonya hewa. Weka kikombe cha kukinga maji chini ya boti, mdomo ukitazama mbele, mbali na mbavu zinazozalisha povu, na pampu ikae chini ya usawa wa maji karibu na tundu hilo. Hewa ikishanaswa ndani ya pampu, zima, punguza mwendo, legeza mpira wa kutolea kidogo mpaka maji yatoke, kaza, washa.

Kosa la ndugu yake: mpira wa upande wa kunyonya una ufa mdogo unaoingiza hewa. Maji yanakuja, lakini pampu inasaga hewa na kuisukuma ndani ya maji kwa nguvu. Samaki wanapata vipovu kwenye mapezi, macho yanatoka nje, wanakufa huku oksijeni ikiwa tele. Watu huita sumu. Ukiona maji yanaingia meupe kama maziwa, kagua klipu za upande wa kunyonya kabla ya kitu kingine chochote.

Chuchunge
Mmesema pampu, mmesema bomba, hakuna aliyesema mkono. Kibua anaanza kufa pale anapoguswa.

Ule ute juu ya ngozi yake ndio unaozuia vidudu na unaomsaidia kulinda chumvi ya mwili. Mkono mkavu, taulo, au kimia chenye mafundo vinaukwangua. Fanyeni hivi: unapopandisha mshipi, upeleke moja kwa moja juu ya tangi. Shika shina la ndoana kwa koleo dogo au kijiti cha waya kilichopindwa, geuza, samaki aangukie majini kwa uzito wake bila kuguswa. Ndoana ziwe zimebanwa kile kimwiba cha nyuma ya ncha, kisibaki cha kushikilia. Aliyeanguka sakafuni asiingie tangini, awe chambo mfu. Anayetoka damu kwenye matamvua naye hivyo hivyo, atakufa ndani ya nusu saa na kuwachafulia wengine maji.

Wakishaingia 25 au 30, simama. Wape dakika 20 hadi 30 boti likiwa limetulia kabla ya kuondoka. Watakaokufa kwa mshtuko watajionyesha hapo. Watoe.

Kingine: kibua mwenye tumbo lililojaa hunya na kutapika tangini. Ndiyo maana maji ya mwanzo huwa na povu na ukungu. Povu lisilopotea juu ya maji ni ute na uchafu, ni dalili kwamba maji hayabadiliki vya kutosha.

Mshipi_Mrefu
Na barafu? Wengine wanaweka chupa za maji yaliyoganda.

Ngama
Hesabu tena. Chupa mbili za lita moja na nusu zilizoganda zikiyeyuka zote zitateremsha lita 150 kwa nyuzi mbili hivi. Lakini tangi lako linabadilisha maji mara saba au nane kwa saa. Ubaridi wote unaumwagia baharini. Barafu na maji mapya havikai nyumba moja. Chupa zina maana kwenye tangi lililofungwa, maji yaleyale yanayopulizwa hewa, na hapo pia usiteremshe zaidi ya nyuzi mbili tatu kwa saa. Barafu ya vipande usiitupe majini kamwe: ni maji baridi yasiyo na chumvi yanayoshuka juu ya samaki wa baharini.

Kwako wewe kivuli kina faida kuliko barafu. Kifuniko cheupe, tangi lisiwe jirani na mashine.

BintiSabaki
Niongeze mahali pa kujazia. Maji ya mlangoni mwa mto yanaua vibua hata pampu ikiwa mpya. Wa Malindi wanajua, mvua zikinyesha bara maji mekundu ya Sabaki yanatandaa baharini, chumvi inapungua na tope linakaa kwenye matamvua. Hali kadhalika delta ya Rufiji. Mkizi na mwatiko wanavumilia maji ya namna hiyo kwa sababu wamezoea mikoko. Kibua na saradini hawavumilii. Ukipita kwenye mstari ule wa maji ya kahawia, zima pampu dakika mbili tatu, vuka, washa. Dakika mbili tatu tu, hesabu ya bwana Ngama iko hapo juu.

Bandarini pia, kwenye rangi za mafuta juu ya maji, usijaze.

KirumbaB
Wakuu wa pwani, huku Ziwa Victoria sisi chambo chetu ni vifaranga vya kambare kwa ajili ya migonzo (mishipi mirefu yenye ndoana nyingi) ya sangara. Nimesoma uzi wote, pampu ya hewa ipo, mawe mawili ya hewa, maji yamejaa mpaka mdomoni kama alivyosema FundiFaiba, kifuniko kimebanwa wasiruke. Pipa la lita 200, vifaranga 400 wa sentimita 10. Asubuhi wamekufa zaidi ya mia. Hesabu yenu ya oksijeni inasemaje?

MamaVifaranga
KirumbaB, toa kifuniko haraka. Umewazamisha.

Kambare siyo kibua. Juu ya matamvua yake ana kiungo kingine cha kupumulia hewa, na kila baada ya muda lazima apande juu akapige pumzi moja. Ukijaza pipa mpaka kwenye kifuniko, umemfungia ndani ya maji. Hata mawe manne ya hewa hayatamwokoa, kwa sababu hewa anayoitafuta ni ile ya juu ya maji. Ushauri wa kujaza mpaka mdomoni ni sahihi kwa samaki wa magamba baharini. Kwa kambare ni kosa.

Pipa lilaze ubavu, ulikate dirisha refu juu, ulifunge lisibingirike. Weka maji lita 80, kina kisizidi sentimita 25 hivi, ili kila mmoja afike juu bila kupanda ghorofa. Juu tandika wavu wa matundu madogo, wanaruka hasa usiku. Funika nusu kwa gunia lililoloweshwa, kambare hutulia gizani. Gunia liwe la nafaka, la mbolea hapana. Kwa lita 80 hizo weka 300 wa sentimita 10, ambao ni kama kilo mbili na nusu, ubadilishe nusu ya maji kila baada ya saa mbili au tatu. Jiwe la hewa siyo lazima, na mkondo mkali unawachosha bure.

Sasa kinachowaua kambare wakiwa na hewa ya kutosha ni vitu viwili.

Cha kwanza ni kinyesi na mkojo, yaani amonia. Wasilishwe chochote saa 24 kabla ya kuondoka shambani. Kifaranga aliyeshiba anaharibu maji ya safari nzima ndani ya saa moja ya kwanza.

Cha pili ni wao kwa wao. Kambare anamla ndugu yake. Akiwepo mmoja aliyezidi wenzake kwa urefu mara moja na nusu, ataanza mikia, na asubuhi unahesabu vichwa. Wachambue kwa saizi kabla ya kupakia. Ukiona miili isiyo na mikia, hilo siyo gonjwa.

Na usiwachote kwa wavu. Pezi la ubavuni lina mwiba, unanasa kwenye uzi, ukimvuta unampasua. Chota kwa bakuli pamoja na maji, au chujio laini la plastiki la jikoni.

KirumbaB
Mama, asante sana. Vifaranga vinakuja kutoka shambani kwenye mifuko yenye oksijeni, saa nne njiani. Vikifika mwaloni tunaelea mfuko ziwani kwanza saa nzima huku tukiuchanganya maji kidogo kidogo. Tuendelee?

Ngama
Utaratibu mzuri huo, pole pole ndiyo salama.

MamaVifaranga
Hapana bwana Ngama, hapo samahani. Kwa safari fupi ni sawa. Kwa saa nne hapana.

Ndani ya mfuko uliofungwa samaki wanatoa hewa ukaa, maji yanakuwa makali kidogo, pH (kipimo cha ukali huo, namba hushuka ukali ukipanda) inaweza kushuka mpaka 6.8 au chini yake. Amonia nayo inajikusanya, lakini kwenye pH hiyo chini ya nusu ya asilimia moja tu ndiyo iko katika hali ya sumu. Ukifungua mfuko, hewa ukaa inaruka. Ukimimina maji ya ziwa yenye pH 8 au zaidi, ile amonia iliyokuwa imelala inaamka. Kwenye pH 8 na nyuzi 25 sehemu yenye sumu ni zaidi ya asilimia 5, mara kumi na zaidi ya mwanzo. Na wewe unawaacha humo saa nzima ukidhani unawazoesha.

Elea mfuko ukiwa umefungwa, dakika 15 hadi 20, kivulini, kusudi joto lilingane. Kisha fungua, chota samaki wenyewe kwa chujio, watie kwenye pipa lenye maji safi ya ziwa. Maji ya mfuko yamwage pembeni. Kati ya kufungua na kuhamisha zisizidi dakika tano.

Ngama
Nimekubali, mama. Kwenye tangi la maji yanayopita amonia haipati nafasi ya kujikusanya, ndiyo maana sikuiweka kwenye hesabu.

Dema_Tupu
Chumvi ya jikoni mbona haijatajwa? Watu wa ziwani wanaitumia.

MamaVifaranga
Inatumika, na ina sababu. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi kuliko maji yanayomzunguka, akichubuka anavuja chumvi na kuingiza maji. Gramu 3 kwa lita zinampunguzia kazi hiyo: lita 80 ni gramu 240, robo kilo pungufu kidogo. Iyeyushe kwenye ndoo kwanza. Ukibadilisha nusu ya maji, rudisha nusu ya chumvi, siyo yote. Inasaidia pia kuzuia ule ukungu mweupe kama pamba unaoota kwenye michubuko siku ya pili. Haifufui aliyekwisha kuchoka, na haibadilishi maji machafu kuwa safi. Kwa pwani haiwahusu.

Furu_wa_Jiwe
Kwa sisi tunaotumia furu badala ya kambare?

Ngama
Furu anarudi kwenye hesabu ya matamvua, na ziwani lipo jambo watu hawalijui: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji ya nyuzi 25 yakishiba yana miligramu 7.2 hivi kwa lita, badala ya 8.3 za usawa wa bahari. Furu 60 wa gramu 15 ni gramu 900, wakadirie miligramu 270 kwa saa. Kwenye lita 100, ukiwaachia mwisho wa 3.5, una 370. Kwa hiyo saa moja na dakika ishirini wakitulia, nusu saa wakitibuka. Bila pampu, ndoo tano za lita 20 kila nusu saa zinatosha. Chota upande mmoja, mwaga nje upande wa pili, siyo kuongeza juu ya yaleyale.

Unapochota ndipo penye mtego. Chini ya magugu maji oksijeni ni kidogo mno. Kwenye ghuba zilizojificha zenye maji ya kijani, mwani hutoa oksijeni mchana na kuila usiku, kwa hiyo saa kumi alfajiri maji ya ufukweni yanaweza kuwa mabovu kuliko yaliyomo pipani. Sogea kwenye maji yenye mawimbi ndipo uchote.

MamaVifaranga
Na furu waliovuliwa kina kirefu msiwahesabu. Kifuko chao cha hewa hakina mlango wa haraka, wakipanda wanavimba na kuelea tumbo juu. Hata wakiwa hai hawatazama na ndoano. Wavuliwe kwenye maji ya mita tano kurudi huku. Wa kokoro achaneni nao. Kokoro ni marufuku Tanzania na Kenya, na furu wake hufika wamejaa tope kwenye matamvua, magamba hakuna. Wanakufa kabla ya jioni.

Dema_Tupu
Kuna aliyesema pipa la bluu. Mapipa ya sokoni mengi yamebeba dawa.

FundiFaiba
Chagua lililobeba chakula: juisi, mafuta ya kula, molasi. Lililobeba dawa ya kuua wadudu au kemikali ya kiwandani haliokoleki, plastiki imenyonya. La sabuni linatumika baada ya kulowekwa na kusuuzwa siku kadhaa, mpaka ukitikisa maji ndani povu lisibaki.

Shaba na madini ya zinki ni sumu kwa samaki. Kwa hiyo kiungo cha shaba nyeupe au nyekundu, ndoo ya mabati, pipa la bati, vyote nje. Tumia PVC, plastiki na chuma kisichoshika kutu. Silikoni iwe ile ya matangi ya samaki, siyo ya bafuni yenye dawa ya kuua ukungu. Tangi jipya la faiba linanuka. Lijaze maji, mwaga kila siku, kwa wiki nzima, na kama harufu bado ipo endelea.

Mikono yenye petroli, mafuta ya kujipaka, sabuni ya unga iliyotumika kuosha boti jana: hivi vinaua kimya kimya. Tangi lisuguliwe kwa maji na brashi tu.

Mshipi_Mrefu
La mwisho upande wangu, umeme. Pampu inatumia betri ileile ya kuwashia mashine.

FundiFaiba
Tenganisha. Pampu ya saizi hiyo hula ampea 2 hadi 2.5. Saa nane ni ampea-saa 20 hivi. Betri ya N70 ina kama ampea-saa 70, na usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo inakutosha siku nzima na akiba. Waya wa milimita 2.5 mpaka nyuma, wenye bati juu ya shaba ukipata. Fyuzi karibu na betri, ampea iliyoandikwa kwenye pampu. Viungo vitiwe mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, siyo utepe mweusi peke yake. Kiungo kilichoota kijani kinakula volti, pampu inazunguka kivivu, wewe unasikia inaunguruma unadhani ni nzima. Ndiyo sababu ya ile ndoo ya bwana Ngama: pima mwanzoni mwa kila mwezi.

Saa ya kuwasha na kuzima pampu yenyewe kwa zamu isiwekwe kwa vibua. Na pampu za ngama nyingi hazikutengenezwa kuunguruma siku nzima. Nunua ya tangi la chambo, aina ambayo moyo wake unachomoka na kubadilishwa baharini bila bisibisi, na beba wa akiba.

Chuchunge
Mwenye nafasi ya kuwalaza vibua usiku mmoja kwenye kizimba kinachoelea, afanye. Kizimba cha wavu laini usio na mafundo, mviringo, mita moja upana na moja kina, mahali penye mkondo mdogo. Bila chakula. Wanyonge wanakufa usiku, matumbo yanasafika, na waliobaki asubuhi wanavumilia tangi kuliko wa papo hapo.

Kutia ndoana: ukivuta polepole, pitisha puani mbele ya macho, mdomo ubaki huru kufunguka. Ukielea na mkondo, nyama ya mgongoni mbele ya pezi, juu juu. Kambare nyama ya mgongo kuelekea mkiani, bila kugusa uti. Na mchote mmoja mmoja, aliyekwisha kutolewa asirudishwe.

Mshipi_Mrefu
Nimepima. Ndoo imejaa kwa sekunde 84, yaani lita 857. Chujio la pampu lilikuwa na kipande cha mfuko wa nailoni na nyasi za bahari. Baada ya kusafisha, sekunde 63. Tundu la kutokea nalitanua kuwa inchi mbili, tangi linahamia katikati, vibua 30.

Ngama
Anza na 25. Lita 1,140 zinawabeba 30, lakini chujio litashika nyasi tena kabla ya saa nne asubuhi.